Tupeane uzoefu: timu ya ubingwa mwaka huu au timu ya miaka mitano?

Mwana_Makadara
Jamani, maskani yetu ya mpira hapa Mombasa imegawika tena. Kuna wanaosema timu hununuliwa dirisha hili hili la usajili, na wengine wimbo wao ni mmoja: vijana, vijana, vijana. Kelele tele, hesabu hakuna. Nawaomba walio ndani ya kazi hii, makocha, waweka hazina, wanaoshughulika na usajili, wanaotibu magoti, waandike jambo hufanywa vipi na huharibikia wapi. Zile hadithi za "mimi enzi zangu nikicheza Tononoka" leo tuziweke kando, zitakula uzi mzima. Ulaya ruhusa, Mbaraki ruhusa.

Gunner_wa_Kizingo
Naanza na Arsenal, maana kila mtu huitolea mfano na wachache wameifuatilia. Kocha Arteta aliingia Desemba 2019. Misimu miwili ya mwanzo timu ikamaliza ya 8, kisha ya 5, halafu ya 2 mara tatu mfululizo: 2023, 2024, 2025. Wahubiri wa subira huishia hapo. Kuna mambo matatu hawayataji.

Kwanza, wachezaji walilipwa waondoke. Özil Januari 2021, Aubameyang Februari 2022, mikataba ilivunjwa na hakuna ada iliyoingia. Ukijenga, gharama ya kwanza ni ya kubomoa, na klabu isiyokuwa na akiba ya kubomolea isianze. Pili, beki Saliba. Alinunuliwa 2019, akazungushwa kwa mkopo Saint-Étienne, Nice na Marseille, na mechi yake ya kwanza ya ligi kwa Arsenal ikawa Agosti 2022. Miaka mitatu mtaji umekaa nje. Tatu, msingi uliposhika, pesa zilimwagwa: kiungo Rice, 2023, pauni milioni 100 na nyingine 5 za nyongeza. Winga Saka ni mtoto wa nyumbani, kweli, lakini huwezi kumuonyesha Saka ukamficha Rice.

Blue_wa_Darajani
(Darajani ya London, si daraja la Nyali.) Gunner kasema vizuri, ila Chelsea mnaisoma vibaya. Mwaona wachezaji wengi wamenunuliwa kwa mpigo, mwaita papara. Tazameni mikataba. Kiungo Enzo Fernández alikuja Januari 2023 kwa pauni milioni 106.8 na mkataba wa miaka minane na nusu. Kwenye vitabu, ada hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Ukigawa kwa 8.5 unapata kama milioni 12.6 kwa mwaka. Ukigawa kwa 5 unapata milioni 21.4. Tofauti ya karibu milioni 9 kila mwaka kwa mchezaji mmoja! Ndiyo maana UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, waliweka kikomo cha kugawa kwa miaka mitano mnamo 2023, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata Desemba mwaka huo huo.

Kwa hiyo ununuzi ulikuwa wa haraka, deni likawa la muda mrefu. Ubaya wake ni huu: asipofaulu, umekwama naye. Mshahara wake hauna mnunuzi, na akiondoka kwa bei ya chini ya thamani iliyobaki kitabuni, tofauti yote huingia kama hasara ya mwaka huo. Na hasara ina ukuta: kanuni ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyokuwapo iliruhusu hasara ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton waliugonga, wakakatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa, kisha wakakatwa 2 nyingine Aprili 2024.

Jambo jingine linalochekesha. Mchezaji uliyemlea tangu utotoni hana ada kitabuni, kwa hivyo ukimuuza, bei yote ni faida. Mason Mount alipokwenda Manchester United 2023, hesabu ya Chelsea ilinenepa kwa siku moja. Akademia, ambayo wengi mwaiita mradi wa miaka kumi, ndiyo iliyokuwa ATM ya haraka.

Ami_wa_Mji_wa_Kale
Sikizani wanangu. Klabu ya Feisal ya hapa hapa Mombasa ilitwaa ligi ya taifa 1965. Klabu ya Bandari ikashika nafasi ya pili 2018 na msimu wa 2018/19, ikabeba kombe la Shield 2019, ikatoka hadi Tunisia ikamwondoa Ben Guerdane kabla ya kukwama kwa Horoya wa Guinea. Mechi ya nyumbani ya Afrika ikachezewa Kasarani, Nairobi! Kikosi kilikuwapo, uwanja hakuna. Nanyi mwapigania Saka.

Hazina_Tudor
Ami ametuvuta nyumbani, tubaki nyumbani. Kosa la klabu zetu si kununua. Kosa ni kununua kwa kuangalia ada ya kusaini peke yake. Chukua mfano wa kubuni: mshambulizi anataka 200,000 za kusaini, mshahara 60,000, nyumba 15,000. Mkutanoni hutajwa 200,000, watu hupiga makofi. Gharama ya miaka miwili ni 200,000 jumlisha 75,000 mara 24, yaani milioni 2 kamili, na bado hujaweka bonasi ya mabao, matibabu wala nauli. Andika hiyo milioni 2 kwenye karatasi kabla ya kumpigia wakala wake. Kisha jiulize mapato ya uhakika ni yapi: mkataba wa mdhamini uliotiwa saini, si ule ulioahidiwa kwenye chai. Viingilio usivihesabu, hasa kama uwanja wenyewe ni wa kuazima.

Linalofuata pesa zikikatika ndilo baya. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na asipolipwa akavunja mkataba kihalali. Akiwa mgeni, kesi yaweza kwenda FIFA. Uamuzi ukitoka una siku 45 za kulipa, la sivyo unafungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Hapo ndipo klabu hugundua ghafla kwamba inaamini vijana.

Mwana_Makadara
Hiyo sentensi ya mwisho nimeicheka, lakini nawajua watakaoumia nayo. Makocha mko wapi?

Kocha_Mikindani
Nipo. Msinipe ubishi wa "vijana au wakongwe", nipeni dakika. Ligi Kuu yetu ina timu 18, mechi 34. Dakika 90 mara 34 mara wachezaji 11 ni dakika 33,660. Hiyo ndiyo keki yote ya msimu. Kocha anayesema anajenga, muulize asilimia ngapi ya keki imekwenda kwa walio chini ya miaka 21. Asilimia 15 ni kama dakika 5,050, yaani chipukizi wawili wenye mechi 28 kila mmoja, au watano wenye mechi 11. Wawili wenye 28 ni bora mara nyingi. Kijana haivi kwa kuingizwa dakika ya 85 timu ikiongoza tatu.

Wapi pa kumweka? Pembeni ni rahisi zaidi, kosa la winga hulipwa na beki wake. Kiungo mkabaji na beki wa kati ni pagumu. Ukiweka kijana wa miaka 19 beki wa kati, mwenzake awe na 28 kwenda juu na awe msemaji, na kipa awe mtu wa kupanga ukuta. Wawili wa 19 pamoja pale katikati ni mabao ya kona kila wiki, kisha mashabiki wanamzomea mtoto, kisha mwenyekiti anamnunua mzee wa miaka 33 dirisha la katikati. Mpango wa miaka mitano umekufa mwezi wa nne, na aliyeuua ni upangaji wa kikosi, si umri.

Chora pia jedwali moja la mikataba: jina, umri, mwezi mkataba unapokwisha. Ikiwa zaidi ya sita wa kikosi cha kwanza wanamaliza Juni moja, huna timu ya muda mrefu wala mfupi, una kituo cha matatu.

Bint_Kibokoni
Mimi ni wa upande wa tiba. Assalaam aleikum kaka zangu, mmesahau joto. Mchezaji anayeletwa kutoka Nairobi, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, anashuka hapa Januari, kaskazi imepamba moto, unyevu umejaa. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto lenyewe ndipo uzoee kutoa jasho ipasavyo. Klabu inamsajili Jumatano, Jumamosi inampanga saa tisa alasiri, dakika ya 60 amekwisha, na Jumapili redioni anaitwa mvivu. Ukinunua dirisha hilo, siku nne za mwanzo mpe mazoezi ya dakika 45 hivi, uongeze taratibu, na mechi ya kwanza aingie kipindi cha pili.

Kipimo chenu ni mizani ya kawaida. Mpime kabla na baada ya mazoezi, nguo nyepesi, amejifuta jasho. Akipungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, alikunywa kidogo. Kwa kila kilo iliyopotea arudishe lita moja na robo hadi moja na nusu, polepole, na chumvi kidogo kwenye chakula. Maji matupu lita mbili kwa pumzi moja hayasaidii.

Kwa watoto, pimeni urefu kila miezi mitatu na muandike. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kabisa karibu na miaka 14. Katika miezi hiyo goti huuma pale chini ya kifuu, kwenye kile kinundu cha juu ya mfupa wa muundi. Makocha humwambia vumilia. Asivumilie. Punguzeni kuruka na mbio za ghafla, abaki na pasi na mpira mguuni. Na yule mtoto anayewatawala wenzake kwa mwili akiwa na 13, msimjengee timu juu yake. Huenda amebalehe mapema tu, na akifika 17 wenzake watakuwa wamemfikia.

Kocha_Mikindani
Dada amenena. Niongeze ratiba, maana hapo akademia nyingi za mtaa hujidanganya. Mtoto wa hapa ana shule, kisha madrasa. Kati ya Alasiri na Magharibi, ukitoa kutembea na kuvaa, una dakika 90 hivi. Siku tatu kwa wiki ni saa nne na nusu. Anayeiga mpango wa Ulaya wa saa kumi na mbili ataishia kugombana na maustadhi na wazazi. Saa hizo nne na nusu ziwe za mpira: dakika 15 za kupasha moto kwa mpira, nne kwa nne kwenye viwanja vidogo, mwisho mechi. Kukimbia kuzunguka uwanja wa Serani kufute.

Karani_wa_Fomu
Nimesoma yote nikingoja mtu ataje makaratasi. Hakuna. Basi nitaje mimi, maana hapa ndipo "muda mrefu" wa Mombasa huzikwa.

FIFA ina malipo mawili ya waliolea mchezaji. La kwanza ni fidia ya malezi: hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au anapohama nchi hadi nchi kabla mwaka wa kutimiza miaka 23 haujaisha. La pili ni mchango wa mshikamano: asilimia 5 ya ada ya kila uhamisho wa kimataifa, katika maisha yake yote ya mpira, hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada kila mmoja, wa 16 hadi 23 una 0.5.

Hesabu. Kijana amekaa kwenu misimu ya miaka 12 hadi 17, yaani sita. Baadaye anauzwa huko Ulaya, nchi moja kwenda nyingine, kwa yuro milioni moja. Yenu ni 0.25 mara nne, jumlisha 0.5 mara mbili, asilimia 2: yuro 20,000. Fidia ya malezi ni kubwa zaidi. Akisaini mkataba wa kwanza moja kwa moja na klabu ya Ulaya ambayo FIFA imeiweka daraja la tatu la gharama za malezi, ambalo kiwango chake ni yuro 30,000 kwa mwaka, misimu minne ya mwanzo huhesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne, 10,000, na miwili kwa 30,000. Jumla yuro 100,000.

Sasa mtego. Akisaini kwanza na klabu ya Nairobi kama mchezaji wa kulipwa, kisha ndipo auzwe nje, fidia ya malezi ya uhamisho huo huenda kwa klabu ya mwisho peke yake. Ninyi mnabaki na mshikamano tu. Kwa hiyo mnapomwachia kijana apande kwenda Nairobi kwa seti mbili za jezi na mipira kumi, andikeni kwenye makubaliano asilimia ya mauzo ya baadaye, 10 hadi 20, na saini za pande zote mbili.

Ili mlipwe chochote lazima klabu iwe mwanachama kupitia shirikisho. Akademia ya mtaa isiyoandikishwa, hata ikimlea kwa miaka sita, haipo kwenye pasi ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa. Msajilini kila msimu, tangu 12, kwenye mfumo wa mtandaoni, si mwaka wa kombe pekee. Msimu usiosajiliwa ni msimu usiolipwa. Na jina! Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad shuleni, Mohammed kwenye pasipoti, tarehe mbili tofauti za kuzaliwa. Mfumo utaona watu watatu. Chukueni nakala ya cheti siku ya kwanza na muandike herufi kwa herufi kama kilivyo. Msipunguze umri pia. FIFA hupiga picha ya kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 tangu 2009, na tarehe ya uongo huharibu hata hesabu ya misimu yenu.

Blue_wa_Darajani
Karani, na kama kijana tayari yuko Nairobi na hatukuandika lolote?

Karani_wa_Fomu
Tafuteni fomu zenu za zamani za ligi ya kaunti, zile zenye picha na muhuri, hata kama zimeliwa na mende. Muombe shirikisho liingize misimu hiyo kwenye kumbukumbu zake sasa, kabla hajahama nje. Akishahama, tangu Novemba 2022 malipo hupitia kituo cha FIFA kilichoko Paris, na pasi hukaguliwa kwa siku chache tu. Jina lenu lisipokuwemo wakati huo, itabidi mlitetee kwa vielelezo, na huko hawapokei ushahidi wa maskani.

Hazina_Tudor
Na akaunti ya benki iwe ya jina la klabu, yenye watia saini watatu. Paris hawatumi kwa M-Pesa ya mwenyekiti.