MREJESHO: Pedi za breki za kazini na za track

Wadau nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza niweke pedi gani kwa Impreza yangu ya kila siku, maana pale Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari huko Athi River, raundi ya nne tu pedali ilizama hadi chini, niliogopa sana. Kuna walioniambia niweke za mashindano kabisa, nashukuru sikuziweka, hizo zikiwa baridi hazishiki vizuri na mimi kila asubuhi niko kwenye jam ya Mombasa Road. Nikachukua EBC Yellowstuff, pedi za kutumia barabarani na kwenye track pia.

Ila aliyeniokoa ni yule aliyesema pedali ikilegea shida ni oili ya breki imechemka, pedi zikizidiwa na joto pedali inabaki ngumu ila gari halisimami. Na kweli, fundi kufungua, oili imekuwa kama chai ya rangi! Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau 230°C bila kuchemka, ikishanyonya unyevu ni kama 155 tu. Tukamwaga yote tukaweka mpya, halafu nikazoesha pedi kwenye barabara tupu, nafunga breki kutoka km 80 kwa saa hadi 20 mara kumi bila kusimama kabisa.

Jumamosi nimepiga raundi nane, pedali iko palepale. Vumbi kwenye rimu limezidi na asubuhi zinalia kidogo, mimi sawa tu. Asanteni sana.