Acheni kupotosha watu kuhusu motohomu Uingereza: "Scotland unalala popote" ni uongo, na NC500 ya siku 4 haipo

Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira na sitaomba radhi. Kila ukifika mwezi wa 4 mambo ni yale yale. Mtu anabandika picha ya Glencoe yenye ukungu mlimani, anaandika bei ya kukodi motohomu (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) kwa usiku mmoja, halafu chini yake: "Inalaza watu 6, leseni yoyote, Scotland unapaki popote bure, NC500 (njia ya kuzunguka kaskazini mwa Scotland) unaimaliza kwa siku 4." Watu wanachanga. Wazazi wanakuja kutoka Dar na Mombasa, watoto wanasubiri shule zifungwe, halafu safari inafia ofisini siku ya kuchukua gari kwa sababu ya jambo ambalo mtoa ushauri angelisema kwa sentensi moja. Yeye kimya, yuko kwenye uzi mwingine anauza picha nyingine.

Tuanze na huo uongo mkubwa. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa haki ya kupita na kulala porini mtu wa miguu, wa baiskeli, wa farasi, wa mtumbwi na hema lake. Vyombo vya moto vimetajwa wazi kuwa HAVIMO. England na Wales ni pagumu zaidi, maana hata hema linahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Dartmoor (nyika ya kusini magharibi mwa England) ndiyo tofauti, Mahakama ya Juu ilithibitisha Mei 2025, na hapo pia ni hema la kubeba mgongoni, si gari la mita 7. Kando ya ziwa Loch Lomond huko Scotland, tangu mwaka 2017, kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba kuna maeneo ambayo bila kibali huruhusiwi kupiga kambi wala kulala ndani ya gari. Sasa hiyo "popote" ni wapi? Fukwe nyingi zimewekewa vyuma vya kuvuka juu, kimo cha mita 2 na ushee, kwenye lango la maegesho, na motohomu ya kawaida ina kimo cha mita 2.8 hadi 3.1. Vituo vya barabara kuu vingi vinakupa saa 2 bure, zikizidi kamera imeshasoma namba yako na barua inakuja.

La pili, na hili ni la kampuni za kukodisha na wanaozipigia debe. Idadi ya vitanda si idadi ya viti vyenye mkanda. Kuna motohomu za vitanda 4 zenye mikanda 2 tu, zile za mbele. Tangazo linasema "inalaza 6" na halisemi uongo, ila watu 6 hao hawawezi kusafiri nayo kihalali. Mtoto aliye chini ya miaka 12 na pia chini ya sentimita 135, lazima akae kwenye kiti chake cha gari, na kiti hicho hakifungwi kwenye benchi linalotazama ubavuni. Kabla ya kulipa hata senti, uliza kwa maandishi: mikanda mingapi, viti vipi vinatazama mbele au nyuma, na vingapi vinapokea kiti cha mtoto. Asiyekujibu kwa maandishi, achana naye.

La tatu ni uzito, na hapa ndipo naomba msome taratibu maana hakuna anayelisema. Leseni ya gari dogo inaishia kilo 3,500, uzito wote pamoja na watu na mizigo. Waliofaulu mtihani Uingereza kabla ya 1 Januari 1997 kwa kawaida wana daraja la C1 linalofika kilo 7,500, wengine hamna hadi mfanye mtihani wake. Mgeni mwenye leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda anaruhusiwa kuendesha kwa miezi 12, naye ni ndani ya kilo hizo hizo 3,500. Ukiwa mkazi na miezi 12 imepita, leseni ya nyumbani haikufai tena. Haibadilishwi kaunta, unafanya mtihani wa hapa. Na kampuni nyingi zinataka dereva awe na miaka 25 na leseni ya zaidi ya mwaka, tena kila atakayeshika usukani aandikwe kwenye bima.

Chukua motohomu ya kilo 3,500 ambayo ikiwa tupu na dereva wake ina kilo 3,050. Umebaki na 450. Watu wazima 3 wengine kwa kilo 75 kila mmoja ni 225, umebaki na 225. Jaza tangi la maji safi: lita 100 ni kilo 100, na kwenye zile 3,050 mara nyingi wamehesabu kidogo tu, kwa hiyo ongeza kama 80. Umebaki na 145. Turubai la pembeni kilo 30, baiskeli 2 na kibebeo chake 35, viti, meza na mtungi wa pili wa gesi 30. Umebaki na 50. Mabegi 2 ya ndege ya kilo 23 kila moja, zimebaki 4. Bado hujapakia mchele, unga, sufuria, blanketi wala viatu vya kupandia mlima!

Wakaguzi wa magari wana mizani, na wanaijua motohomu iliyochuchumaa nyuma tangu ikiwa mbali. Faini inaanzia pauni 100 hadi 300 kulingana na ulivyozidisha, ukipita asilimia 30 ni mahakamani, na hapo hapo unazuiwa kuondoka hadi upunguze. Upunguze nini, bibi au baiskeli? Tena kuna uzito wa ekseli (mhimili wa tairi) peke yake. Kibebeo cha baiskeli kiko nyuma kabisa, mbali na tairi, kwa hiyo kinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa zaidi ya uzito wake na kuinyanyua ya mbele. Motohomu nyingi zinavutwa na tairi za mbele. Matokeo yake ni tairi kuzunguka patupu kwenye nyasi mbichi asubuhi ya kuondoka, na watu wanalaumu udongo.

Dawa yake ni rahisi. Safiri na lita 20 za maji, jaza ukifika kambini. Vyakula vizito nunua Fort William au Ullapool (miji ya huko Scotland), si London. Ukishapakia na watu wakiwa ndani, pitia mizani ya umma, pima gari zima kisha kila ekseli, tunza karatasi.

Sasa hao wa "NC500 kwa siku 4 kutoka London". Ile njia ina maili 516, kama kilomita 830, inaanzia na kuishia Inverness. Sehemu kubwa ya magharibi na kaskazini ni barabara ya kupita gari moja, na kwa motohomu wastani wa maili 30 kwa saa ni wa kujivunia. Hiyo ni saa 17 za usukani mtupu, bila picha, bila choo, bila kondoo barabarani. London hadi Inverness peke yake ni zaidi ya maili 550, siku 2 za kwenda na 2 za kurudi kwa dereva mwenye akili zake. Siku zenu 4 zimeishia hapo! Mwenye siku 4 apande treni au ndege hadi Inverness, akodi gari huko huko, afanye kipande cha Ullapool hadi Shieldaig basi. Au achukue Fort William, apite Glenfinnan hadi Mallaig, avuke kwa feri hadi Armadale kwenye kisiwa cha Skye, arudi kupitia daraja la Skye, ambalo halitozwi tangu mwaka 2004. Feri ikatiwe mapema, na urefu wa gari uandikwe pamoja na kibebeo cha baiskeli. Ukidanganya mita, unaachwa gatini.

Barabara zenyewe, ramani ya simu haijui kama unaendesha gari la sentimita 230 ubavuni bila vioo. Inakuchagulia njia fupi tu.

Bealach na Bà, barabara ya mlimani ya kwenda Applecross huko Scotland, inapanda hadi mita 626 kwa kona za kukunja, na mwanzoni kuna bango kubwa linalowaambia wanaojifunza kuendesha, magari makubwa sana na wanaovuta karavani wasipite. Watu wanapiga picha na lile bango kisha wanapita! Kuna njia ya pwani kupitia Shieldaig, ndefu na nyembamba, lakini inapitika. B869 ya Drumbeg iacheni, fuateni A894 na A837 kwenda Lochinver. Lake District (milima ya kaskazini mwa England), barabara ya Hardknott ina mwinuko wa 1 kwa 3, karibu asilimia 33, na Wrynose iko kwenye njia hiyo hiyo. Simu itakupeleka huko ukitoka Ambleside kwenda Ravenglass. Kataa, zunguka kwa A593 na A595. Kirkstone panda kwa A592 kutoka Windermere, si kile kibarabara cha moja kwa moja kutoka Ambleside. Exmoor (kusini magharibi mwa England), mlima wa Porlock kwenye A39 una 1 kwa 4. Cornwall, vijiji kama Polperro havikujengwa kwa magari: acha motohomu maegesho ya juu, shuka kwa miguu.

Kuteremka: shusha gia KABLA ya mteremko, iache injini ishike gari. Ukikanyaga breki mfululizo na kilo 3,500, zinachemka, pedali inalainika, halafu unaanza kusali. Na andika kimo cha gari kwa futi na inchi kwenye karatasi, ubandike mbele ya dereva. Mita 3.05 ni futi 10. Paa likigonga daraja au tawi, bima nyingi za kukodi hazilipi kabisa uharibifu wa juu. Lisomeni hilo kwenye mkataba kabla ya kusaini, pamoja na kile kiasi unachokatwa wewe kwanza kabla bima haijalipa, ambacho kupita pauni 1,000 si ajabu.

Barabara ya gari moja ina sehemu za kupishania zenye alama. Ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama upande wako mkabala nayo, yule mwingine ndiye aingie. Gari likiwa nyuma yako, ingia lipite: ni muuguzi, ni fundi, ni basi la shule, hawako likizo. Kulala au kupika chai kwenye sehemu ya kupishania ni ushenzi, sina neno lingine. Na msiongozane motohomu 3 pamoja, hakuna sehemu itakayowatosha.

Umeme wa kambini unakera watu bila sababu. Nguzo nyingi zinatoa ampia 10 au 16, nyingine 6. Ampia 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Birika la nyumbani ni wati 3,000, ukiliwasha giza. Nunua birika dogo la wati 1,000 na kipasha joto cha wati 1,000, viwili pamoja vinakaa kwenye ampia 10. Waya wa mita 25 ufunguliwe WOTE kutoka kwenye kizungushio, ukibaki umejiviringa unapata moto na ganda linayeyuka. Gesi: mtungi wa bluu ni butane, baridi ikikaribia sifuri haitoi mvuke, jiko linazimika. Mwezi wa 10 hadi wa 4 dai mtungi mwekundu wa propane. Dizeli ni bomba jeusi, petroli la kijani, na kile kifuniko cha bluu ni cha AdBlue (dawa ya kusafisha moshi wa dizeli) tu.

Choo. Kaseti (tangi la choo linalochomolewa) inabeba lita 17 hadi 20, familia ya watu 4 inaijaza ndani ya siku 2. Funga kwanza ule mlango wake wa ndani ndipo uivute nje, na unapomimina bonyeza kitufe cha hewa, la sivyo inabubujika na kukurukia miguuni. Usitupe vitambaa vyenye unyevu, vinakwama kwenye mlango na mpira unaanza kuvuja. Inamwagwa kwenye tundu maalumu la kambini PEKEE. Haimwagwi kwenye mtaro, kichakani, wala kwenye kijito. Nyanda za juu kuna nyumba zinazokunywa maji ya kijito kile kile, na dawa ya bluu ni sumu. Anayewaambia watu "lala popote bure" ndiye anayewafikisha hapo, maana siku ya 3 kaseti imejaa na hawana kambi.

Gari la bei chee la mtu binafsi: uliza kama dizeli yake ni Euro 6 (kiwango cha moshi). Isipokuwa hivyo, London yote kuna tozo ya moshi (ULEZ) ya pauni 12.50 kwa siku, na siku yao inaanza usiku wa manane, kwa hiyo ukiingia saa 5 usiku na kutoka saa 7 umelipa mbili. Katikati ya Glasgow, Edinburgh, Aberdeen na Dundee hakuna hata cha kulipia, ni faini ya pauni 60 moja kwa moja.

Mods, ule uzi wa "familia ya watu 6, siku 4, paki popote" uko juu kabisa na bado unavuta watu. Ufutwe au uwekewe onyo mwanzoni. Na anayetangaza gari humu aandike vitu 5: uzito wa juu, uzito likiwa tupu na dereva, mikanda, kimo kwa futi, na kiasi cha kukatwa kwenye bima. Asiyeandika tangazo lake liondolewe.