Kahawa ya kijiweni na kipimo cha sukari: niache au niendelee?

Mwana_Tanga
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, maana nyumbani kila mtu ana lake.

Nina miaka 44, naishi Tanga. Mama yangu kisukari kilimkata mguu kabla hakijamuondoa, kwa hiyo jambo hili kwangu si la mzaha. Wiki iliyopita nilipima sukari asubuhi zahanati ya mtaani, kimashine kikasoma 6.8. Dada aliyenipima akasema niko mpakani kabisa, niangalie ninachokula na kunywa. Basi, akaita mwingine.

Kunywa ndiko kunakonitia hofu. Kahawa chungu ni ya kila siku: nikitoka msikitini alfajiri napitia kijiweni, vikombe viwili vitatu vile vidogo, jioni tena. Nyumbani ni chai ya maziwa. Shemeji yangu kashikilia kwamba kahawa ndiyo inayopandisha sukari, niiache leo leo. Halafu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo imeletwa sauti inayosema kahawa inatibu kisukari, ukinywa nyingi unapona. Nimsikilize nani?

Kipanga_Pwani
Wewe kunywa tu kaka. Kuna utafiti wa Uholanzi wa 2002, watu zaidi ya 17,000. Waliokuwa wakinywa vikombe saba na kuendelea kwa siku, hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa nusu ya wale wa vikombe viwili kushuka chini. Tangu nisome hiyo mimi nimeongeza.

Nesi_Mstaafu
Mdogo wangu, pole sana kwa mama.

Kipanga, namba zako ni za kweli, ila umempa mwenzako nusu ya habari. Mwaka 2009 zilijumlishwa tafiti 18, watu karibu 458,000. Wanywaji wa vikombe vitatu hadi vinne vya kahawa kwa siku walionekana kuwa na hatari pungufu kwa karibu robo. Chai nayo ilionyesha nafuu, na hata kahawa iliyotolewa kafeini. Hapo ndipo pa kutulia: kama ile isiyo na kafeini nayo ina nafuu, basi kinachosaidia, kama kipo, ni kitu kingine kilichomo kwenye buni. Kafeini yenyewe, kwa saa chache baada ya kunywa, huufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Na tafiti hizo ziliwafuata watu wakaulizwa wanakunywa nini. Hakuna mgonjwa aliyepewa kahawa akapona. Ile sauti ya kundini usiisambaze. Nimeona watu wakiacha dawa kwa maneno kama hayo, wakarudi kwetu wamebebwa.

Sasa nijibu. Siku uliyopima ulipitia kijiweni kwanza? Kahawa unaishushia na nini? Na chai ya nyumbani inatiwa sukari kiasi gani?

Mwana_Tanga
Shikamoo mama. Kweli nilipitia. Vikombe viwili na kashata moja ya karanga. Aliponiuliza kama nimekula nikasema sijala, maana kashata sijawahi kuihesabu kuwa chakula.

Chai leo nimekaa jikoni makusudi. Mke wangu hatumii kijiko, anamimina sukari toka kwenye mfuko, anakoroga, anaonja kidogo kiganjani, anaongeza. Nikamwomba apime kwa kijiko cha chai. Imetoka vijiko vinne kwa kila kikombe changu kikubwa. Nami kwa siku nakunywa vitatu.

Nesi_Mstaafu
Marahaba baba. Basi kesi ya kahawa tumeimaliza. Vijiko 12 ni karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe hapo kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye nusu yake. Wewe unafika ukomo kwa chai peke yake, kashata, soda na mandazi bado.

Na kile kipimo rudia. Kaa kwa muda wa saa nane bila kitu mdomoni isipokuwa maji. Hata kahawa chungu tupu usiinywe. Ikifika 7.0 wanarudia kuthibitisha kisukari, 6.1 hadi 6.9 ndiyo hali ya hatari, na hapo unarudi nyuma ukitaka. Marekani mwaka 2002 watu zaidi ya 3,200 wenye hali hiyo walifuatiliwa. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi, hasa kutembea, dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa metifomini, dawa ya kisukari, asilimia 31.

Mama_Vitumbua
Shemeji, usimkatie mkeo sukari kwa siku moja, nyumba itawaka moto. Mimi kwa mume wangu nilipunguza nusu kijiko kila wiki, nikazidisha tangawizi na hiliki. Mwezi wa pili alionja chai ya msibani akasema hii ni uji wa sukari. Chai ichemshwe tupu, bakuli la sukari likae pembeni, kila mtu ajitilie akiona.

Buni_Chungu
La nyongeza tu: kahawa ya dele, hiyo ya kijiweni, inachemshwa bila kuchujwa, na kahawa ya namna hiyo hupandisha lehemu (kolesteroli) ukizidisha. Ukienda pima na hiyo. Ya jioni kunywa mapema, usingizi mbovu nao hauifai sukari.

Mwana_Tanga
Wakuu, nimerudi kupima juzi, safari hii nikiwa na maji tu tumboni. Imesoma 6.2. Daktari kaniandikia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, pamoja na lehemu. Kijiweni bado naenda, kikombe kimoja alfajiri na kimoja baada ya alasiri, sahani ya kashata ikipita naipeleka kwa jirani. Narudi nyumbani kwa miguu badala ya bodaboda, dakika 25. Kwenye chai nimefika vijiko vitatu, mke wangu naye kaanza kujitilia viwili.