Mada: Kusomea utalii wa utamaduni na ubunifu Italia, nani amepita huko?

Kutoka: Binti wa Tanga

Hamjambo wote, na wakubwa shikamooni. Nimeelekezwa hapa na shangazi yangu aliye Brescia. Nina shahada ya kwanza ya utalii, nimekaa mapokezi ya hoteli miaka mitatu, sasa nataka kuja Italia kwa uzamili. Ninachotafuta ni usimamizi wa utalii wa utamaduni, na huu wanaouita wa ubunifu. Nimeona kozi ya Chuo Kikuu cha Bologna inayofundishwa Rimini, na ile ya Tor Vergata kule Roma, zote kwa Kiingereza. Tovuti nimezisoma mpaka macho yanauma. Naomba kusikia kwa mtu aliyekaa darasani: kuna la maana wanalofundisha? Nitaishi bila Kiitaliano? Na baba anauliza habari ya pesa, tena anauliza kila jioni.

Kutoka: Mtoto wa Malindi, Rimini

Dada, karibu. Niko mwaka wa pili, kozi hiyo hiyo ya Rimini. Nianze na nyumba, maana ndiyo iliyonitoa jasho kuliko mtihani wowote.

Rimini ni mji wa pwani kama wetu. Julai na Agosti hupati pa kutandika taulo. Novemba hoteli zimefungwa, na ufukweni unakutana na mzee mmoja na mbwa wake. Kwa hiyo wenye nyumba wengi humpangisha mwanafunzi kuanzia Septemba hadi Mei, kisha atoke, mtalii aingie kwa bei ya wiki. Mkataba wangu wa kwanza niliutia sahihi bila kuutafsiri. Tarehe 31 Mei asubuhi mwenye nyumba akagonga, ameshika ndoo na mopu, kwa adabu kabisa. Tarehe 4 Juni nina mtihani wa uchumi wa utalii. Nikalala wiki mbili sebuleni kwa Wasenegali, begi ndilo meza, nikijisomea jinsi utalii unavyowasukuma wenyeji nje ya miji yao. Wewe tafuta mkataba wa miezi 12, na kwenye karatasi litafute neno "scadenza", yaani tarehe ya mwisho, kabla ya jingine lolote.

Pesa sasa. Mwambie mzee kwamba vyuo vya serikali hapa hupanga ada kwa kipato cha familia, na mikoa nayo inatoa ufadhili. Huku kwetu, mkoa wa Emilia-Romagna, shirika lake linaitwa ER.GO. Ukiupata, fedha zinakuja kwa awamu, ada unasamehewa, na bweni unaweza kuomba. Mlango wa yote hayo ni karatasi moja inayoitwa ISEE, yaani hesabu ya kipato na mali ya familia, na kwa sisi wa kutoka nje ni "ISEE parificato". Wanataka kujua nyumbani kwenu mnaingiza nini kwa mwaka, nyumba ina mita ngapi za mraba, benki kuna nini. Hati hizo zitafsiriwe Kiitaliano na kuthibitishwa ubalozini kabla hujapanda ndege. Baba yangu ni mvuvi, hati ya mshahara hajawahi kuiona kwa macho. Ilibidi aape mbele ya wakili na chifu aandike barua, ndipo ikapita. Hata hivyo ofisi niliyokwenda kufanyiwa hesabu ikaliandika shamba letu la minazi 22 kuwa ni jengo. Nikawa tajiri kwa wiki tatu. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi, na ukipewa ufadhili angalia idadi ya krediti unazotakiwa kufikisha na tarehe yake, kwa sababu usipofikisha wanadai walichokupa. Namjua mtu anayelipa kidogo kidogo hadi leo.

Ukishafika, ndani ya siku 8 za kazi uwe umepeleka ombi la permesso, yaani kibali cha kuishi. Bahasha unaipata posta penye dirisha la Sportello Amico, stempu ya euro 16 inauzwa duka la tumbaku, na posta wenyewe wanachukua 30, mbali na ada ya kadi. Ile risiti itakuwa kitambulisho chako kwa miezi, itoe nakala. Na kuna mtego wa bima: tangu 2024 mwanafunzi anayejiandikisha kwenye huduma ya afya ya taifa analipa euro 700 kwa mwaka, wakati zamani haikufika 150. Mwaka wao ni Januari hadi Desemba. Ukilipa Oktoba, umenunua miezi mitatu. Wengi wetu tulianza na bima ya binafsi, tukangoja Januari.

Umeuliza kama kuna la maana darasani. Kozi ya hapa ni ya uchumi na usimamizi hasa, takwimu zimo za kutosha, usije ukidhani utashinda ukitazama picha za makanisa. Kilichonikamata mimi ni hicho cha ubunifu. Dhana yenyewe waliipa maana Greg Richards na Crispin Raymond mwaka 2000: mgeni haji kutazama tu, anajifunza kufanya kwa mikono yake jambo ambalo watu wa pale wanalifanya. Raymond alikwenda kulijaribu Nelson, New Zealand, kuanzia 2003, wageni wakawa wanafundishwa kuchonga mfupa. Sisi tukaambiwa kila mmoja aandae kipindi cha dakika 90 cha kitu cha kwao.

Nikajitapa: ukili, ile misuko ya kushonea mikeka! Nyanya yangu amesuka mikeka umri wake wote, na mimi tangu nina miaka kumi na mbili nawauzia Waitaliano ufukweni. Nikanunua rafia ya kufungia maua, nikakaa kitandani, kuanza sijui. Nikasuka tatu tatu kama nywele, ukatoka mkia wa punda. Nikampigia nyanya kwa video. Akaegemeza simu kwenye kikombe, akatazama kazi yangu, akacheka hadi mtandio ukaanguka. "Umekwenda Ulaya kusomea kuuza ukili? Basi usuke kwanza." Alinifundisha jioni sita. Pagumu ni ukingoni: muwaa, yaani utepe wa ukindu, ukifika pembeni unaukunja urudi ndani, na kidole gumba cha kushoto kishike pale pale, kisikaze wala kisilegee. Wangu hadi leo unakwenda upande kama kaa.

Halafu mwalimu akauliza bei. Nikaweka euro 35 kwa mtu, watu kumi. Nikatoa ukumbi, chai, malighafi, fungu la wakala, la tovuti ya kuuzia, bima. Kilichobaki cha msukaji niliona haya kumtajia nyanya. Nikafuta, nikaanza upande wa pili: siku yake moja ya kazi ina thamani gani, watu wasizidi sita kwa sababu hawezi kutazama vidole vya zaidi ya hapo, mengine yapangwe juu ya hilo. Bei ikapanda, na darasa zima wakabishana kama kuna mtu atalipa. Ule mjadala wa saa mbili ndio ulionilipa taabu ya makaratasi yote niliyokutajia.

Kuhusu Kiitaliano, mimi nilikuja na cha ufukweni. Kwetu Waitaliano walianza kuja miaka ya 1960 na mradi wa roketi wa San Marco pale Ngomeni, hivyo mtoto wa Malindi anajua "ciao" kabla ya kujua kuogelea. Siku ya kwanza posta nikamwambia mama wa dirishani "ciao capo, dammi la busta", yaani "mambo bosi, nipe bahasha". Alinitazama kana kwamba nimepanda juu ya meza yake. Kiitaliano cha kuuzia safari blu, zile safari za mashua kwa watalii, hakina "Lei", yaani "wewe" ya heshima. Darasani Kiingereza kinatosha, nje ya mlango hakifiki mbali. Kazi za msimu hotelini watakuuliza Kiitaliano kwanza, Kijerumani pili. Unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, 1,040 kwa mwaka.

Kutoka: Mama wa Bari

Marahaba binti. Huyu mwanangu wa Malindi anaandika kama aliyetoka vitani, usiogope, sote tulipita.

Mimi si msomi wa utalii. Miaka 11 nasafisha nyumba za kupangisha wageni mji mkongwe wa Bari, basi utalii naujua kwa mashuka. Lakini nikisikia habari ya ukili na nyanya nakumbuka wamama wa hapa mtaa wa Arco Basso, wanaokaa mlangoni wakitengeneza orecchiette, tambi zenye umbo la sikio. Kipande cha unga uliokandwa, kisu kinakiburuta juu ya ubao, kinajikunja, kisha anakigeuza juu ya kidole gumba, tayari sikio. Haichukui hata pumzi moja. Watalii wanapiga picha toka asubuhi, wengine wananunua pakiti. Mwaka 2024 kukazuka maneno makubwa kwamba baadhi ya zilizouzwa pale ni za kiwandani, na vyombo vya dola vikaingia kuchunguza. Mimi siwatetei. Lakini jiulizeni wenyewe, wamama wachache na ubao wa meza moja watatosheleza vipi meli nzima ya watalii? Hilo mlisome vizuri huko darasani.

Jambo moja la kazi. Kama unadhani ukishapata shahada utatembeza wageni kwenye magofu, hapana. Kuongoza watalii huku kuna leseni, na tangu sheria namba 190 ya Desemba 2023 kuna mtihani wa taifa. Mpwa wangu alidhani cheti cha chuo kinatosha, akaanza kuongoza vikundi. Alishukuru Mungu kwamba aliyemsimamisha alimpa onyo tu.

Kutoka: Mkongomani wa Padova

Jambo kwenu bote. Nitasema kidogo tu.

Dada, usichague kozi kwa jina lake. Jina linapambwa, kila chuo kinaandika "ubunifu". Tazama namba ya kundi lake: LM-49 ni kupanga na kusimamia mifumo ya utalii, LM-76 ni uchumi wa mazingira na utamaduni. Matangazo mengi ya kazi za serikali yanataja namba hizo, na kama yako haimo, hata uwe wa kwanza darasani hukubaliwi.

Pili, ukija panda treni uende Venezia, siku ya kawaida na siku ya kulipia. Walianza Aprili 2024 kumtoza euro 5 mgeni wa kutwa, kwa siku 29 za majaribio. 2025 zikawa siku 54, na anayechelewa kujiandikisha analipa 10. Mji ule wa kale ulikuwa na watu kama 175,000 miaka ya 1950, mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Mimi nafanya kazi huko huko, mlango wa makumbusho, naona watu wanaolipa zile tano wakiingia na mkate wao mkononi na kutoka jioni. Mimi naona ada ile haikuwapunguza, mwenzangu wa zamu anasema nina haraka. Tunabishana kila wiki.

Tatu, ukimaliza masomo unaweza kuomba permesso ya kutafuta kazi, hadi miezi 12. Na tangu 2023 kuibadili ya masomo kuwa ya kazi hakusubiri tena kota ya mwaka, ile idadi ya vibali inayowekwa na serikali. Watu wa zamani watakuambia vingine, wanasema ya wakati wao.

Kutoka: Binti wa Tanga

Ahsanteni sana, nimemsomea baba yote. Aliposikia minazi 22 kuwa jengo alicheka, kisha akaenda kimya kutafuta hati ya shamba. Nadhani amekubali.

Kaka wa Malindi, umenishtua. Mama yangu anasuka ukili, nami sijawahi kugusa muwaa, nilikuwa naona ni kazi ya kijijini. Nilikuwa nimeandika kwenye barua ya maombi kwamba nitashughulikia magofu ya Tongoni, kwa sababu yana makaburi ya kale na wageni wachache. Sasa sijui kama nibadilishe. Na Kiitaliano nianzie wapi hapa Tanga?

Kutoka: Mtoto wa Malindi, Rimini

Usibadilishe Tongoni, ila ongeza swali: wanaoishi jirani na yale makaburi wanajua kufanya nini ambacho mgeni angekaa nusu siku kujifunza? Kakae nao kabla ya kuandika, umwulize kila mmoja kazi hiyo inamchukua muda gani. Watakaokusoma huku watajua kama ulifika.

Kiitaliano anza na masomo ya bure ya mtandaoni, nusu saa kila siku, na kwanza kabisa jifunze kumwambia mtu mzima "Lei". Ukifikia A2, ile ngazi ya pili ya lugha, kabla ya kupanda ndege, posta hawatakutazama walivyonitazama mimi.

Na nina ombi. Mama akikubali, niletee mafungu mawili ya ukindu mkavu, uliokwisha chanwa, ambao haujatiwa rangi. Rafia inateleza. Nina kipindi kingine Februari, na sita wameshalipa.