Nauli ya mgeni isitoke kwenye kisanduku

Katibu: Habari za jioni wanaklabu. Asanteni kwa jana, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni na daktari wetu wa macho kaongea vizuri sana. Ila jamani tulimpa dakika 20 akatumia 50, projekta ikazima akaendelea hivyohivyo 😂

Mama Mipango: Na hapo ndo aliponoga! Zile slaidi zilishaanza kutulaza

Kijana wa Mitambo: Samahanini kuhusu projekta, kuna mtu alipitia waya na mguu, simtaji jina

Bi Mkubwa: Nitaje tu mwanangu. Si alitugawia yale mawani kayapaka mafuta eti tuone kama mwenye mtoto wa jicho anavyoona, mi nikainuka nayo usoni naelekea chooni, waya ningeuonea wapi

Mama Mipango: 😂😂 bibi wewe ndo ulikuwa hotuba yenyewe

Mwekahazina: Kisanduku cha michango tumekifungua watu wawili, mimi na katibu, tumehesabu mara mbili na tumesaini wote. Noti zingine zimekunjwa kama hirizi kuzifungua tu ni kazi. Na kuna kifungo cha shati cha bluu humo ndani, mwenyewe ajitokeze

Mzee wa Itifaki: Hongereni. Sasa kabla hamjapeleka benki toeni humo nauli ya mgeni na hela ya ukumbi tusibaki na deni

Mwekahazina: Shikamoo mzee wangu. Hapo naomba unisamehe, siwezi. Kile kisanduku tumekiandika kwa herufi kubwa UPASUAJI WA MTOTO WA JICHO, aliyetumbukiza hela yake kasoma hivyo na kaamini hivyo. Klabu inaendeshwa na ada zetu, hela ya umma inarudi kwa umma, ndo maana tuna akaunti mbili

Mzee wa Itifaki: Marahaba. Ila bila mgeni hizo hela mngezipata wapi? Ng'ombe unayemkamua lazima umlishe

Kijana wa Mitambo: Mzee ana pointi. Mbona kwenye matembezi ya hisani tulitoa gharama za fulana kwanza

Mwekahazina: Ile ilikuwa shughuli ya kuchangisha na kwenye tiketi tuliandika tangu mwanzo kwamba gharama zinatoka humo, mchangiaji akanunua anajua. Jana ilikuwa kikao chetu cha kawaida, kisanduku tulikipitisha tu mwishoni

Mwalimu: Naongezea kidogo. Mwaka 1925 Helen Keller, haoni wala hasikii, alisimama mbele ya mkutano wa Lions, wale wa klabu za kujitolea, pale Cedar Point, Ohio akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Hotuba fupi, ombi moja. Mpaka leo ukitaja Lions mtu anakwambia macho. Rotary, nao klabu za kujitolea, walishika kazi ya kutokomeza polio mwaka 1985 hawakuiachia, Afrika ikaja kutangazwa haina polio ya virusi vya asili tarehe 25 Agosti 2020. Hiyo ni miaka 35 watu wanachanga kwa jambo lilelile, mngekuwa mnamega kidogo ya nauli kidogo ya ukumbi nani angewavumilia

Mama Mipango: Mwalimu na wewe ungepewa dakika 20 😅

Mwalimu: Namalizia. Hao Rotary walivyoanza Chicago 1905 walikutana ofisini kwa huyu, wiki nyingine kwa yule, kwa zamu, jina lenyewe limetokana na huo mzunguko. Ukumbi wa kulipia sio lazima

Katibu: Hilo la kuzunguka tulijadili kikaoni tafadhali, naliandika kwenye ajenda

Bi Mkubwa: Kwangu mnakaribishwa ila waya mzifunge vizuri

Mzee wa Itifaki: Haya, nimeelewa. Nauli ya mgeni nitatoa mimi mfukoni kwangu, ya ukumbi itoke kwenye ada. Mwekahazina, kwenye ada kuna nini?

Mwekahazina: Mzee, umeuliza mwenyewe. Kati yetu 26 humu waliolipa mwaka huu ni 9. Nitume majina?

Mwekahazina: Naona wote mmesoma, tiki za bluu zimejaa hapa

Kijana wa Mitambo: Mtandao kwangu unasumbua kidogo

Mama Mipango: Kesho asubuhi natuma yangu nilipitiwa wallahi

Mzee wa Itifaki: Tuma majina. Na kile kifungo ni changu, nitunzie