Mbunge akihama chama apoteze kiti? Tujadili

Kila wimbi la wabunge kuhama vyama likipita, hoja ile ile hurudi: itungwe sheria kali, anayehama apoteze kiti, na misimamo itarudi. Wengine hujibu kwamba siasa haina adui wa kudumu wala rafiki wa kudumu, ina maslahi tu. Ndugu zangu, mimi siikubali hata moja kama ilivyo, na hiyo ya pili naipinga zaidi, maana ndiyo iliyotuzoesha kuuita uroho ukomavu.

Tuanze na sheria. India iliipitisha mwaka 1985, baada ya miaka mingi ya wabunge kurukaruka. Huko jimbo la Haryana mwaka 1967, mbunge Gaya Lal alibadili chama mara tatu ndani ya wiki mbili. Dawa ikawa kwamba anayekiacha chama chake kwa hiari anapoteza kiti. Hapo sina ugomvi. Lakini sheria hiyo hiyo inaweza kumvua ubunge hata asiyehama, kwa kosa la kupiga kura kinyume na agizo la chama. Wakati huohuo, theluthi mbili ya wabunge wa chama wakikubali kuungana na chama kingine, wanasalimika. Yaani aliyegoma peke yake kwa dhamiri anatolewa, na kundi lililohama pamoja, hata kama lilihamia ulaji, linabaki. Sheria imezuia rejareja ikaacha jumla.

Sasa tusichanganye mambo. Kubadili msimamo si lazima kuwe usaliti. Mwaka 1846 waziri mkuu wa Uingereza, Robert Peel, alifuta sheria zilizozuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje, ilhali chama chake kilichaguliwa na watu waliotarajia azilinde. Wabunge wengi wa chama chake walimpinga, akapitisha muswada kwa kura za wapinzani. Waliomwita msaliti hawakukosa hoja, nakiri. Ila tazama malipo: siku za mwisho za Juni mwaka huo serikali yake ikaanguka na chama kikapasuka. Hakupewa cheo kwa kugeuka, alikipoteza. Mimi nikisikia mwanasiasa "amebadili mawazo", swali langu la kwanza ni hilo: amepata nini, amepoteza nini? Anayegeuka leo na kuapishwa kuwa waziri wiki ijayo hana haki ya kujilinganisha na Peel.

Na wasiohama je? Hapa ndipo mjadala wetu huwa mfupi mno. Mbunge anaweza kukaa chama kimoja miaka thelathini bila msimamo wowote, akipiga makofi kwa lolote linalotoka juu. Julai 1974, kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilipopigia kura shtaka la kwanza la kumwondoa madarakani Rais Nixon, la kuzuia uchunguzi wa kashfa ya Watergate, wanachama 17 wa kamati hiyo walikuwa wa chama chake. Sita walikubali ashtakiwe. Waliobaki wengi waligeuka Agosti, ulipotoka mkanda wa sauti ya Nixon mwenyewe, usioweza kutetewa. Wote 17 walikuwa wamesikiliza ushahidi ule ule. Wale sita ndio ninaowaita watu wa chama, kwa sababu walikipenda kiasi cha kutotaka kizame na mtu mmoja.

Nasi wafuasi tusijifiche. Nimewahi kutetea kwa nguvu jambo lililofanywa na upande wangu, jambo ambalo lingefanywa na wapinzani ningelilaani mchana kutwa. Nilijua hivyo wakati naongea. Kiongozi anayeona watu wake wanasamehe kila kitu atakuwa na msimamo kwa ajili ya nani?

Pendekezo langu ni hili. Anayehamia chama kingine arudi kwa wapigakura, uchaguzi mdogo ufanyike, na sharti liwe hilo hilo kwa mmoja na kwa kundi. Lakini anayebaki chamani akapiga kura kinyume na agizo asiguswe kiti chake; wamhukumu waliomchagua muda ukifika. Mnaosema chama bila nidhamu hakitawaliki, naomba mnijibu hapa: nidhamu hiyo ingewafanyia nini wale sita?