AMOS-6 haikulipuka "ikirushwa", acheni kuwatetea hawa SpaceX

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Jana kuna mtu humu kaandika kwamba AMOS-6, ile satelaiti ya intaneti ya Zuckerberg wa Facebook, "ililipuka ikirushwa, ajali haina kinga", na watu wakampa tano. Ikirushwa kwenda wapi? Safari yenyewe ilipangwa tarehe 3 Septemba 2016. Mlipuko ulitokea tarehe 1, saa 3:07 asubuhi kwa saa za Cape Canaveral, Marekani, kwetu saa 10:07 alasiri. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ilikuwa imefungwa chini, inajazwa mafuta ili wajaribu injini. Injini zenyewe zilikuwa hata hazijawashwa!

Sasa niambieni: siku ya majaribio, satelaiti ya watu ya tani tano na nusu ilikuwa juu kule inafanya nini? Walitaka kuokoa siku, basi. Wakiipandisha mapema hawana haja ya kuirudisha roketi bandani kufungwa mzigo. Ni sawa na fundi anayejaribu breki za lori mteremkoni huku friji lako liko juu, halafu anakuja kukupa pole ya ajali.

Chanzo walikitaja wenyewe. Ndani ya tangi la oksijeni la hatua ya pili, yaani sehemu ya juu ya roketi, kuna mitungi ya gesi ya heli: ndani bati la alumini, nje imeviringishwa nyuzi za kaboni. Oksijeni waliipoza kupita kiasi, ikapenya katikati ya bati na nyuzi, ikabanwa humo, pakawaka. Baada ya hapo ndipo wakaanza kujaribu injini roketi ikiwa haina mzigo. Kumbe iliwezekana!

Na huyo Zuckerberg. Siku hiyo hiyo alikuwa Nairobi, kapiga ugali na samaki kwa Mama Oliech, picha zikatembea. Habari ilipomfikia akaandika kuwa amesikitika SpaceX wameshindwa kurusha na kuiharibu satelaiti "yetu". Yenu ya wapi? Mali ilikuwa ya Spacecom, kampuni ya satelaiti ya Israeli. Facebook na Eutelsat, kampuni ya satelaiti ya Ufaransa, walikodi masafa tu, dola milioni 95 kwa miaka mitano, kuhudumia nchi 14 za Afrika kusini mwa Sahara.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Rukwa, shule ambayo ukitaka kutuma matokeo unapanda kichuguu na simu mkononi. Niliposikia kuna chombo kitakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kimetulia palepale usiku na mchana, dishi unalielekeza mara moja tu, nilifurahi kama mtoto. Niliwaambia hadi wanafunzi. Kwa hiyo msiniambie habari za ajali haina kinga.

Wenye mali walipona. Bima ililipa, tena ile ya mizigo ya baharini, maana kwa mujibu wa mkataba roketi ilikuwa bado haijaruka. Yaani hata watu wa bima walilijua hilo, humu ndani bado tunabishana! Na SpaceX wakawarushia Spacecom satelaiti nyingine, AMOS-17, Agosti 2019, bure.

Mkuu wa jana, rudi kwenye uzi wako ubadilishe kichwa cha habari. Andika "ililipuka ikijazwa mafuta". Nasubiri.